Wao Kona 21, Sisi Kona 57

Leo kijiweni hakuna mkeka, hakuna stori za usajili. Ihefu, timu yetu ya Mbarali, walishasepa. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walikuja Mbarali na mechi 49 bila kufungwa, wakaondoka na kichapo cha 2-1. Nchi nzima ikaanza kuitafuta Ubaruku kwenye ramani. Leo timu ile inaitwa Singida Black Stars, na masela wa huku tumebaki na jezi za kuvalia shambani. Freshi tu. Moyoni nafasi ilibaki wazi na mimi nimeshaijaza. Nafuatilia baiskeli. Sizungumzii baiskeli ya kubeba lumbesa. Ni mashindano ya barabarani: Tour de France, Giro ya Italia, Vuelta ya Hispania, mzigo wote. Raha ya kwanza ya mchezo huu? Mlima hauhami mkoa.

Na milima tunayo kinoma. Alpe d'Huez, mlima wenye jina kubwa kwenye Tour, una kona 21. Kila kona ina kibao na jina la aliyewahi kushinda pale, na watu wanatoka nchi za mbali kuja kupiga picha. Stelvio ya Italia, ile Giro inayotishia nayo watu, upande wake mkali una kona 48. Sasa sikia. Kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona 57. Hamsini na saba, mwana! Chini uko na joto la Usangu na singlendi, juu uko Makete unatafuta koti. Na Chimala iko Mbarali, wilaya yetu. Kwa hiyo akija mtu kukwambia baiskeli ni mchezo wa Wazungu, muulize swali moja: kona wanazo ngapi?

Kinachobamba

Kwanza, muda. Tour inapigwa Julai. Julai huku mpunga umeshatoka kwenye majaruba, mwingine uko ghalani, mwingine uko mfukoni. Hatua nyingi, yaani mbio za siku moja moja, zinamalizika kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu. Jua limepoa, umeoga, umekaa. Wale jamaa wameshatandika kilomita 150 hadi 200, na mwishoni bado wanagombea mstari kwa spidi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Wiki tatu, hatua 21. Nani mwingine anakupa burudani ya hivyo?

Pili, rangi. Anayeongoza Tour anavaa njano. Mkali wa sprinti anavaa kijani. Najua wana Yanga wa Jangwani wameshaanza kuchekelea. Tulieni. Mfalme wa milima anavaa nyeupe yenye madoa mekundu, na anayeongoza Vuelta ya Hispania anavaa nyekundu tupu. Simba wa Msimbazi nao wana chao. Chagua rangi, anza ubishi.

Tatu, akili. Kwenye Tour kila timu ina watu wanane. Mmoja staa, saba wapambe. Wapambe wanamkinga upepo, wanamfuatia chupa za maji, staa akipata pancha mmoja anatoa hata tairi lake. Ukijibana nyuma ya mwenzako unaokoa karibu theluthi ya nguvu zako, ndiyo maana wanakwenda kundi moja, wanabanana, mpaka mlima uanze kuwachambua. Huo ndio uchawa wenye kazi. Chawa wa kitaa chetu kazi yao kusifia na kumaliza soda za watu.

Nne, na hii ndiyo inayonitoa machozi: wana wetu wamo. Biniam Girmay, mtoto wa Asmara, Eritrea. Tarehe 1 Julai 2024, pale Turin, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Akaongeza mbili. Jezi ya kijani akaenda nayo mpaka mwisho. Miaka miwili nyuma alikuwa ameshachukua Gent–Wevelgem kule Ubelgiji, kisha hatua ya Giro. Siku hiyo ya Giro, jukwaani, akafungua chupa ya mvinyo wa mapovu, kizibo kikamvaa jichoni, Giro yake ikaishia hapo. Kundi zima lilishindwa kumsimamisha, kizibo kikaweza. Asmara iko juu kama mita 2,300 hivi. Kitulo yetu iko juu kuliko hapo. Mapafu ya kazi tunazaliwa nayo.

Kuna Chris Froome pia. Kachukua Tour mara nne: 2013, 2015, 2016, 2017. Jamaa amezaliwa Nairobi, na aliyemfundisha ni David Kinjah, rasta wa Kikuyu, pale nje kidogo ya Nairobi, nyumba imejaa madogo na baiskeli za kuungaunga. Froome mwenyewe amesimulia jinsi alivyojitia ni chama cha baiskeli cha Kenya, akatuma imeili, akajiandikisha mashindano ya dunia ya vijana ya 2006. Alipofika huko, akatoka tu kwenye mstari akamgonga afisa wa mashindano. Miaka saba baadaye yuko Paris na jezi ya njano. Huo ndio ujanja ninaouheshimu. Mlango umefungwa, unapita dirishani, na kazi unaifanya.

Halafu Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, kwa jirani zetu Rwanda. Mbio za wanaume: kilomita 267.5, mita karibu 5,475 za kupanda. Kilimanjaro nzima ni 5,895 ukihesabu kuanzia baharini, pima mwenyewe. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alikwenda peke yake kilomita 66 za mwisho, nyuma hakuna mtu, mbele hakuna mtu. Na mbio za wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, dada ambaye karibu hakuna aliyemtaja kabla. Kigali nzima ilikuwa barabarani, kwenye mawe ya Kimihurura, juu ya kuta, kwenye balkoni. Tiketi? Hakuna. Barabara ni ya wote.

Kinachoaibisha

Wazee. Wazee wetu wana wimbo mmoja: baiskeli ni ya mtu aliyekwama, kijana wa maana ananunua pikipiki. Mzee, nisikilize. Wewe ndiye uliyempa dogo wa miaka saba Phoenix ya kilo 20 na ushee. Siti haifikii, kapitisha mguu chini ya mtalimbo, anakanyaga kimshazari, kwenye keria kuna debe la mahindi la kupeleka mashineni. Miaka kumi umemjenga miguu ya Tour de France. Leo anataka kuitumia, unamwambia akachukue pikipiki ya mkataba!

Ya mkataba tunaijua. Hesabu ya bosi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Petroli nayo ni juu yako. Mkataba unaisha, pikipiki ndiyo inakuwa yako, na imeshachoka kuliko wewe. Baiskeli inakunywa maji ya kunde na ugali.

Aibu nyingine: mwana anapiga picha juu ya pikipiki ya mshkaji, anapandisha stetasi, kisha anarudi geto kwa mguu. Mwingine anajificha demu asimwone na baiskeli. Acha ushamba, kaka. Huko Ulaya matajiri wanashindana nani ana baiskeli kali.

Na kwa wale wa kujifanya mapro: bukta ile ya kubana haivaliwi na boksa ndani. Ina pedi yake. Ukivaa boksa, mishono itakusaga mpaka utembee kichura. Na miguu wananyoa. Bibi yangu kaambiwa hilo, kaita kikao cha ukoo. Kikao kikaahirishwa, miguu ni ya kwangu.

Kinachokamua

Bando. Bando ndilo adui wa taifa. Unaweka buku, unaangalia jamaa wanapanda mlima, zimebaki kilomita tatu, mmoja kanyanyuka kwenye siti, anashambulia, na meseji inaingia: ndugu mteja. Au bando lipo, umeme umekata, na simu ina asilimia nne. Nenda kibanda umiza basi. Mwenye kibanda anakwambia baiskeli haina wateja, anaweka muvi iliyotafsiriwa ambayo kitaa kizima kimeshaiona. Wana, tukiingia kumi kwa pamoja na buku zetu mkononi, rimoti ataileta mwenyewe.

Michango. Julai ikifika mpunga umeuzwa, na magrupu ya harusi yanazaliwa usiku. Unaamka umo kwenye kamati ya harusi ya mtu mliyesoma naye darasa la tatu. Kadi ya single, kadi ya double, ahadi yako bado hatujaiona. Wengine wanakimbilia mikopo ya kausha damu ili wachangie sherehe ya siku moja. Mwana, ukikopa, kopa ununue kitu chenye magurudumu.

Lakini siyo magurudumu ya Pogačar. Baiskeli ya daraja lile inavuka milioni 25 za kwetu. Kwa hela hiyo unapata pawatila na bado unabaki na chenji ya mbolea. Sheria za mashindano zinasema baiskeli isipungue kilo 6.8. Ile Phoenix ya mzee ni mara tatu yake. Hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa, na hapo ndipo mimi nasema hapana. Miguu ya Kinjah na madogo wake ilijengwa kwenye baiskeli za kuungaunga. Mlima haujui bei ya baiskeli yako.

Na vumbi letu lisikutie unyonge. Italia kuna mbio inaitwa Strade Bianche. Ilianza 2007, sifa yake kubwa ni barabara nyeupe za changarawe, watu wanafika Siena hawatambuliki kwa vumbi. Pogačar kaichukua 2022, 2024 na 2025. Wenzetu wanatafuta vumbi na kulitangaza. Njia ya Rujewa–Madibira–Mafinga inalo la kugawa.

Mchongo wenyewe

Rwanda walianza Tour du Rwanda mwaka 1988. Hakuna aliyekuwa anawatazama. Ilichukua miaka 37 mpaka dunia ikaja kwao. Sisi tunasubiri nani?

Jumapili moja baada ya mavuno, tushindane Chimala hadi Matamba. Kundi la Phoenix bila gia, kundi la wenye gia, kundi la wadada, maana mabinti wa huku wanapiga baiskeli kwenda shule na shambani kuliko vidume vya kijiweni, na kwenye orodha yangu ndio watakaotoa staa wa kwanza wa Mbarali. Wiki nzima kabla, mpelekee fundi baiskeli akaze breki, abadilishe cheni, ang'oe keria. Kila kona tunaweka kibao chenye namba, kuanzia moja. Kiingilio hakuna. Mwenye miguu aje apande. Mwenye maneno abaki chini Chimala na wazee.