Mtoto Anakula Vizuri, Mbona Gizani Haoni?

Ukitoka kwenye jua kali ukaingia chumba chenye giza, mwanzoni huoni kitu. Baada ya dakika chache unaanza kuona kiti, kisha mlango. Katika dakika hizo jicho linatengeneza upya kemikali yake ya kuonea.

Kemikali hiyo inatokana na vitamini A, ambayo tunaipata kwenye maini, mayai, mchicha, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Ndani ya jicho, vitamini hiyo inakuwa molekuli iliyopinda iitwayo retinali, ambayo hukaa kwenye seli za kupokea mwanga. Mwanga ukiigusa inanyooka, na hapo ndipo habari inapopelekwa kwenye ubongo. Lakini ikishanyooka haifai tena. Ni kama mtego wa panya: ukishafyatuka, lazima utegwe upya.

Anayeutega ni kimeng'enya kiitwacho RPE65, kilichopo kwenye tabaka la seli nyuma ya retina. Kinapokea vitamini iliyonyooka, kinaipinda, nayo inarudishwa kazini. Mzunguko huu hauna likizo.

Kwa hiyo mtoto anaweza kukosa kuona gizani kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni upungufu wa vitamini A, na tiba yake ni chakula bora na matone ya vitamini. Ya pili ni kwamba vitamini ipo tele, ila kimeng'enya hakifanyi kazi kwa sababu ya hitilafu ya jeni. Mtoto huirithi kwa baba na mama, ambao wenyewe wanaona vizuri kabisa. Wazazi wakiwa ndugu wa damu, kama binamu, uwezekano unaongezeka. Hii si laana, wala si kosa la mama.

Dalili ni hizi: mtoto mchanga anakodolea taa muda mrefu, au macho yake yanachezacheza. Akikua anajikwaa magharibi inapoingia, na hataki taa izimwe. Sisi tunamwita mwoga au mzembe. Hapa Uingereza, ambako mwezi wa Desemba giza linaingia saa kumi jioni, anateseka njia nzima kutoka shule.

Muda ni muhimu, maana tangu Desemba 2017 Marekani imeidhinisha tiba ya jeni iitwayo Luxturna, na Ulaya ikafuata 2018. Daktari wa upasuaji hudunga jeni nzima chini ya retina, mara moja kwa kila jicho. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili, lakini Uingereza hutolewa na NHS kwa wanaostahili. Inasaidia wenye hitilafu ya RPE65 tu, tena ikiwa seli za retina bado ziko hai. Seli hizo hufa kadiri miaka inavyopita.

Usimrundikie mtoto vidonge vya vitamini A. Vikizidi vinaumiza ini, na kwa mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nenda kwa daktari wa familia, mwambie: "Anakula vizuri lakini gizani haoni." Omba apelekwe kwa mtaalamu wa macho, na uulizie kipimo cha jeni.

Kabla ya kumwita mwoga, punguza taa sebuleni, kaa karibu naye, umwangalie anavyotembea.