Kompyuta Inayogoma Kuzimika

Kitufe cha kuwashia na kuzimia kompyuta ya nyumbani hakikati umeme, na hapo ndipo unapoanzia ugumu wa mashine iliyoamriwa izime ikabaki inanguruma. Katika kompyuta za zamani zilizofuata mpangilio wa AT, swichi iliukata umeme mkuu moja kwa moja, hivyo mtumiaji wa Windows 95 alisubiri maandishi ya kumwarifu kwamba sasa ni salama kuzima, kisha akaizima mashine kwa mkono wake. Mpangilio wa ATX, ambao kampuni ya Intel iliutoa mwaka 1995, ulikifanya kitufe kuwa cha kupeleka ishara tu kwenye ubao mama, yaani bamba la saketi linalounganisha sehemu zote za kompyuta, huku pawasaplai ikiendelea kutoa volti 5 za akiba hata mashine ikiwa imezimwa. Mwaka uliofuata, Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, zilizoupa mfumo endeshi, yaani programu kuu kama Windows inayosimamia nyingine zote, mamlaka juu ya umeme wa mashine. Tangu hapo kuzima kumekuwa mfululizo wa maombi na majibu, na kompyuta inayogoma ni ile ambayo mmoja wa wahusika hajajibu. Tatizo lenyewe ni la siku nyingi, kwani Microsoft ililazimika kutoa nyongeza maalumu ya kurekebisha uzimaji wa Toleo la Pili la Windows 98.

Windows inapopewa amri ya kuzima, huzitaka kwanza programu zilizofunguliwa zimalize kazi zake, na ile isiyojibu kwa sekunde 5 hivi hutajwa kwenye skrini kuwa ndiyo inayozuia. Kisha huja zamu ya huduma, yaani programu zisizo na dirisha zinazofanya kazi chinichini, kama zile za kupokea masasisho au kukinga virusi; baada ya hizo hufuata draiva, ambazo ni programu ndogo zinazouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kila kifaa; na mwisho kabisa hutolewa amri ya kuingia katika hali iitwayo S5, ambamo umeme mkuu hukatwa zikabaki zile volti 5 peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni katika hatua gani mashine imekwama. Jina la programu likionekana, mara nyingi ipo hati ambayo haijahifadhiwa. Skrini ikiendelea kuonyesha kwamba kompyuta inazima, ichunguzwe huduma au draiva, isipokuwa pale masasisho yanaposakinishwa, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu katika diski ya zamani na isiyofaa kukatizwa. Skrini ikiwa nyeusi ilhali feni inazunguka, kasoro itafutwe katika draiva za ubao mama, katika BIOS, ambayo ni programu ya msingi iliyohifadhiwa kwenye ubao huo, au katika uzimaji wa mseto.

Uzimaji huo wa mseto unastahili maelezo marefu kwa kuwa watumiaji wengi hawajui kwamba upo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi huzimwa nusunusu: programu za mtumiaji hufungwa, lakini kiini cha mfumo endeshi pamoja na hali ya draiva huandikwa kwenye faili iitwayo hiberfil.sys, ili safari ijayo kisomwe kutoka humo na kompyuta iwake haraka. Matokeo yake ni kwamba draiva iliyoharibikiwa inaweza kurudi na hitilafu yake kila asubuhi, na mtu anayezima na kuwasha mara nyingi hajaupa mfumo nafasi ya kuanza upya hata mara moja, ilhali anayechagua kuwasha upya ndiye anayeupa nafasi hiyo. Kuzima kikamilifu kunawezekana kwa kushikilia kibonye cha Shift wakati wa kuchagua kuzima, au kwa kuandika amri shutdown /s /t 0. Kompyuta ikizimika vyema kwa njia hizo na kugoma kwa njia ya kawaida, chanzo kimepatikana, na uwashaji wa haraka uondolewe kwenye Paneli Dhibiti, mahali panapochaguliwa kazi za vitufe vya umeme.

Pasipopatikana nafuu, printa, flashi, diski za nje na vifaa vingine vyote vichomolewe, vibaki kibodi na kipanya, kisha virudishwe kimoja kimoja hadi kinachogomesha kijulikane.

Ipo pia kompyuta inayozimika kisha ikawaka yenyewe. Hiyo huenda imeamshwa na kadi ya mtandao au kipanya, au imepata hitilafu kubwa mwishoni mwa kuzima ikajianzisha upya. Na penye umeme unaokatika mara kwa mara, huenda BIOS imepangwa iwashe mashine kila umeme unaporudi. Kumbukumbu za matukio za Windows husaidia kutenganisha hali hizi, kwa kuwa namba 1074 huonyesha programu au mtumiaji aliyeamuru kuzima, nayo namba 41 huonyesha kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa sawasawa.

Kushikilia kitufe kwa zaidi ya sekunde 4, na katika kompyuta mpakato nyingine hata 10, hukata umeme kwa nguvu. Mfumo wa faili wa NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko yake, hivyo mpangilio wa diski kwa kawaida hunusurika, lakini maandishi ambayo hayajahifadhiwa hupotea. Linalosikitisha zaidi ni desturi ya kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya kabla hata ya kuchomoa printa, hatua ambayo imeziondolea familia nyingi picha zisizo na nakala nyingine popote. Kompyuta isiyozimika bado inawaka, inasoma diski yake na inaweza kunakili faili, kwa hiyo nakala za picha na hati zitolewe kwanza kwenye diski ya nje, kabla ya fundi yeyote kukabidhiwa mashine.