Maandishi Yaliyomo Ndani ya Picha ya Dijitali

Katika studio za zamani ilikuwa desturi kugonga muhuri wa studio mgongoni mwa picha, na mwenye picha aliongeza hapo kwa kalamu ya risasi majina ya waliopigwa, mahali na tarehe. Picha ya namna hiyo ikipatikana baada ya miaka 40, mjukuu humtambua babu yake. Picha isiyoandikwa kitu hubaki kuwa sura za watu tu. Picha ya dijitali haina mgongo wa karatasi, lakini faili lake limetengewa nafasi kwa kazi hiyohiyo. Maandishi yakaayo humo huitwa metadata, yaani habari zinazoieleza picha yenyewe.

Faili la aina ya JPEG huanza kwa baiti mbili ambazo, katika hesabu za kizio cha kumi na sita, huandikwa FF D8. Kwa picha itokayo moja kwa moja kwenye kamera, aghalabu hufuata FF E1, kisha baiti mbili za kutaja urefu wa fungu, kisha herufi za neno Exif. Kwa kuwa urefu umepewa baiti mbili tu, fungu hilo haliwezi kuzidi baiti 65,535. Nukta za rangi zimewekwa mbali na hapo. Kwa sababu hiyo maandishi yaweza kusomwa, kuongezwa au kufutwa pasipo kugusa picha.

Utaratibu wa Exif uliwekwa nchini Japani mwaka 1995, nao hujazwa na mashine bila kumwuliza mtu. Humo huandikwa aina ya kamera, muda ambao mwanga uliruhusiwa kuingia (kwa mfano 1/125 ya sekunde), na wakati wa kupiga picha, kwa mtindo huu: 2019:07:14 09:32:05. Mswahili atasoma hapo saa 3 na dakika 32 asubuhi. Lakini ni saa 3 ya wapi? Hadi toleo la mwaka 2016 hapakuwa na nafasi ya kutaja tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. Tena mashine huamini saa yake yenyewe. Ikiwa imetegwa vibaya, kosa huingia katika kila picha.

Simu yenye kipokezi cha setilaiti huongeza latitudo na longitudo. Digrii, dakika na sekunde huwekwa kama sehemu tatu zisizo na alama ya kutoa, na herufi ya kusini au kaskazini hukaa peke yake katika nafasi nyingine. Dar es Salaam iko karibu na digrii 6 dakika 48 kusini, digrii 39 dakika 17 mashariki. Programu isiyosoma herufi ya kusini itaihamishia picha hiyo ya pwani kwenye nyanda za juu za Ethiopia! Mwanafunzi anaweza kulihakikisha jambo hili kwa atlasi.

Namba hizohizo zaweza kumfichua mtu. Mwezi Desemba 2012 John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kompyuta, alikuwa akitafutwa na polisi wa Belize ili ahojiwe. Waandishi wa Vice waliokuwa pamoja naye walichapisha picha yake katika intaneti, na wasomaji walipofungua metadata walikuta kwamba yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa nchini humo. Mwalimu anayesambaza picha za wanafunzi wake hana budi kulifikiri jambo hili.

Hata hivyo, hakuna mashine iliyoandika kwamba aliyesimama wa pili kutoka kushoto ni nani, au kwa nini watu walikusanyika siku ile. Hayo huandikwa na mtu. Baraza la kimataifa la vyombo vya habari, IPTC, liliweka nafasi za maelezo, mpigapicha na haki. Maelezo yalipewa baiti 2,000, na jina la mpigapicha 32 tu, kipimo kisichotosha kwa mtu mwenye majina matatu marefu. Mtindo wa XMP, ulioanzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 2001, hauna ufinyu huo.

Katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, menyu ya Image ina kifungu cha Metadata, na humo zimo njia mbili: ya kutazama na ya kuhariri. Walakini GIMP huikandamiza picha upya kila inapotolewa kuwa JPEG, na ubora hupungua kidogo. ExifTool, ambayo nayo ni ya bure, hubadili maandishi peke yake. Urahisi huu ndio unaofanya tarehe iliyomo katika picha isiwe ushahidi kamili: aijuaye programu aweza kuandika tarehe aitakayo.

Ikumbukwe pia kwamba picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza maandishi hayo. Ikitumwa kama hati hubaki nayo. Kwa hiyo majina yaandikwe katika faili la asili, nalo lihifadhiwe shuleni. Nakala ya kusambazwa itolewe upande, na wakati wa kuitoa GIMP huuliza kama Exif, IPTC na XMP zihifadhiwe. Hapo ndipo alama za kukubali huondolewa.