Mtoto wa Kinshasa aliyekimbia na mpira mkononi



Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaanzia terenini. Ukipita pale jioni, utaona vijana wetu wanakimbiza mpira mpaka giza linaingia. Asubuhi darasani, baadhi yao hatuwaoni. Sisi walimu wa kujitolea tulikwenda kuwauliza sababu. Mmoja mwenye miaka 16 alitujibu hivi: "Mwalimu, kule Pweto nilikuwa mwaka wa sita, nasoma Kifaransa. Hapa mumenikalisha na watoto wadogo kwa sababu ya Kiingereza. Kwenye mpira hakuna anayeniuliza Kiingereza."

Jibu lile lilitunyamazisha, kwa sababu ni la kweli. Wengi tuliovuka na kufika hapa Mantapala tulisoma kwa Kifaransa, na masomo ya Zambia ni ya Kiingereza. Basi tumeona tuwaletee habari ya ndugu mmoja aliyepita njia inayofanana na hiyo.

Jina lake ni Tshimanga Biakabutuka. Waluba watalitambua jina hilo mara moja. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1974. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Kanada, katika jimbo la Quebec ambako watu wanaongea Kifaransa. Huko, akiwa sekondari, ndipo alipoanza kucheza futiboli ya Kimarekani.

Ni mpira gani huo?

Siyo huu wetu wa miguu. Mpira wao una umbo kama yai, na unabebwa mikononi. Kila upande una watu 11, wamevaa kofia ngumu, na ni halali kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini. Kiongozi uwanjani anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira kwanza, halafu anaamua: aurushe mbali kwa mwenzake, au amkabidhi mkimbiaji apite katikati ya maadui. Biakabutuka alikuwa mkimbiaji.

Huko Marekani mchezo huo unachezwa sana kwenye vyuo vikuu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, unachukua watu zaidi ya 100,000. Lakini sikilizeni, vijana: huingii uwanja ule kama wewe siyo mwanafunzi. Na ukianguka masomo, unakaa nje, hata kama una mbio za swala.

Lugha ndiyo ilikuwa mlango

Kabla ya kwenda Michigan, Biakabutuka alisoma Vanier, chuo cha Montreal kinachofundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyekulia kwenye Kifaransa alibidi ageuze ulimi. Angekataa lugha ile, hata hizo mbio zake zingebaki Montreal, na Michigan wasingemchukua.

Siku yake kubwa ilikuwa mwezi wa Novemba 1995. Michigan walicheza na Ohio State, ekipe ambayo haikuwa imefungwa hata mechi moja mwaka ule. Kwotabeki wa Michigan, Brian Griese, alimkabidhi mpira tena na tena. Mara 37 alikimbia nao, na jumla akasonga mbele yadi 313, yaani karibu mita 286. Michigan walishinda 31 kwa 23. Msimu mzima alifikisha yadi 1,818, na hakuna mtu wa Michigan aliyewahi kufikisha nyingi kama hizo kabla yake.

Mtoto wetu anayekwenda kuchota maji anaweza kusema, "Eti hiyo tu? Kilometa moja na nusu na kidogo?" Ndiyo, lakini kila hatua kuna watu 11 wanaotaka kukuangusha.

Mwili unachoka mapema

Mwaka 1996 ekipe ya kulipwa ya Carolina Panthers ilimchagua, akiwa mtu wa nane katika wachezaji wote wapya wa nchi nzima. Hapo ndipo wengi wetu tungesema: amefika! Kumbe mwaka ule ule, mechi ya nne, aliumia goti na msimu ukaisha kwake. Akapona, akarudi, akaumia tena. Katika misimu sita alicheza kama nusu tu ya mechi. Mwaka 2001 aliumia mguu vibaya, na hakucheza tena. Alikuwa na miaka 27. Baada ya hapo aliingia katika biashara.

Miaka 27, wazazi! Hapa kwetu katika umri huo mtu ndiyo kwanza anajenga nyumba. Tena huyu ni mmoja aliyebahatika. Chama cha michezo ya vyuo vikuu huko Marekani kinahesabu kwamba katika kila wachezaji mia wa futiboli ya chuo, hawafiki wawili wanaoingia kwenye ekipe kubwa za kulipwa. Na wakati wa Biakabutuka wanafunzi hawakuruhusiwa kulipwa mshahara kwa kucheza. Tangu 2021 tu ndipo walipokubaliwa kupata pesa kwa jina lao. Chuo kiliwapa masomo.

Tunawaomba nini?

Wazazi, hatuwaambii muwakataze watoto mpira. Mtoto aliyekimbia vita anahitaji kucheza. Tena ni afadhali tereni kuliko kumpeleka kando ya Mweru kubeba chisense siku za masomo. Tunachoomba ni mpira ufuate darasa, usichukue nafasi yake.

Na sisi walimu tumejifunza. Kijana mkubwa akikalishwa na wadogo anaona haya, na haya inamfukuza kuliko fimbo. Kwa hiyo tumeelewana na wakubwa wa ekipe: kila Jumanne na Alhamisi, kabla ya mazoezi, nusu saa ya Kiingereza pale pale chini ya mti, wakubwa peke yao. Hakuna malipo, lete daftari tu.

Yule kijana wa Pweto bado hajarudi darasani. Lakini Alhamisi iliyopita alikuja chini ya mti, akakaa nyuma kabisa, viatu vya mpira mkononi. Alipoondoka alituuliza mkimbiaji anaitwaje kwa Kiingereza. Tulimwandikia kwenye daftari.