Viti Kumi na Vitatu vya Shule ya Kijijini

Mwalimu mkuu wa shule ndogo ya msingi huko Makueni au Busia anaweza kupokea barua ya uhamisho leo na mwezi ujao akawa kaunti nyingine. Mwajiri wake ni tume ya kuajiri walimu, TSC, na TSC haimwombi mtu kijijini ruhusa. Wanaobaki ni wenyeji: mwalimu mstaafu, mama mwenye duka la nafaka sokoni, mzee wa kanisa, fundi wa mabomba mwenye mtoto Gredi ya 4. Hao ndio bodi ya usimamizi. Mabati yakiezuliwa na upepo au mpishi akidai mshahara wa miezi miwili, mlango unaobishwa usiku ni wa mmoja wao.

Nchini Kenya, bodi hii inatokana na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu cha 56 kimepanga viti vyake kwa umakini ambao wazazi wengi hawaujui. Sita ni vya wawakilishi wa wazazi, nao huchaguliwa. Watatu huletwa na mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa au jumuiya ya Waislamu. Bodi ya elimu ya kaunti huleta mmoja, walimu wa shule humchagua mwenzao mmoja, kisha kuna anayewakilisha makundi maalumu katika jamii na anayewakilisha watu wenye mahitaji maalumu. Jumla ni 13. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huhudhuria pia, na bodi inaweza kuongeza watu hadi watatu wenye ujuzi inaouhitaji.

Viti vitatu vya mfadhili huwashangaza vijana. Serikali inalipa walimu na kutoa fedha za masomo, kwa nini kanisa liwe na sauti? Jibu liko katika historia. Shule nyingi kongwe zilianzishwa na wamisheni, juu ya ardhi yao, kwa matofali yaliyobebwa na waumini. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 tu. Mwito wa Harambee ukawatoa watu majumbani na shule zikachipuka kila tarafa: mwenye ng'ombe alitoa ng'ombe, asiye na kitu alichimba msingi. Kamati za enzi hizo zilikuwa wakusanyaji. Kazi yao kubwa ilikuwa kutafuta shilingi, na mwenyekiti bora alikuwa yule mwenye sauti ya kuendesha mnada wa jogoo hadi afikie bei ya fahali.

Sheria ya 2013 haikumfukuza mfadhili, ila ilimwekea mipaka. Anatoa ushauri wa kiroho, anatarajiwa kuchangia majengo na fedha, na anatakiwa kuheshimu imani ya mtoto asiye wa dhehebu lake. Hushauriwa pia katika uteuzi wa mwenyekiti wa bodi ya shule aliyoianzisha. Hapo ndipo mivutano huanza, maana wapo wafadhili waliokumbuka mamlaka yao na kusahau mchango wao. Mfadhili ambaye hajanunua hata bati moja kwa muda mrefu, lakini hakosi siku ya kumpima mwalimu mkuu mpya kwa dhehebu lake, amegeuza sheria juu chini.

Mwaka 2003 kazi ya kamati ilibadilika. Karo ya shule za msingi za umma ilipoondolewa, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Fedha zikaanza kutoka Nairobi kulingana na idadi ya watoto. Kamati iliyozoea kuchangisha ikatakiwa kutoa hesabu, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Anayejua kuwatia watu moyo wa kutoa huenda hajui kusoma taarifa ya benki.

Kisha ikaja sekondari msingi. Tangu Januari 2023, Gredi ya 7, na baadaye ya 8 na 9, zimewekwa ndani ya shule za msingi. Kiwango cha serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na kwa wa sekondari msingi ni shilingi 15,042. Chukua shule yenye watoto 300 wa msingi na 90 wa sekondari msingi. Karatasini, wale 300 wanaleta shilingi 426,000 na wale 90 wanaleta shilingi 1,353,780. Fedha hizo huja kwa awamu na mara nyingi huchelewa, lakini hata nusu yake ni kubwa kuliko kiasi chochote ambacho wajumbe wengi wa kijijini wamewahi kukisimamia. Kila kundi lina fedha zake na matumizi yake, na bodi ni ileile, chini ya mwembe uleule. Ugomvi wa walimu wa sekondari msingi wanaotaka uongozi wao wenyewe umetokana kwa sehemu na hesabu hii.

Kifungu cha 59 kinaorodhesha majukumu ya bodi, nayo ni mengi: ubora wa elimu, majengo yanayofaa, usalama wa watoto na walimu, nidhamu, ushauri nasaha, ripoti ya kila muhula. Yenye uzito kuliko yote yamekaa mwishoni mwa orodha, kama kawaida ya sheria. Bodi husimamia mali ya shule, hupokea fedha na kuzitolea hesabu, na huajiri wafanyakazi wasio walimu. Mlinzi, mpishi na karani ni watu wa bodi. Kwa vile walimu wa TSC hawatoshi, bodi nyingi huajiri na walimu pia, wale wanaojulikana kote nchini kama walimu wa BoM, kifupi cha jina la bodi kwa Kiingereza, ambao mshahara wao hutegemea mchango wa wazazi. Mzazi asipolipa, anayelala njaa ni kijana aliyehitimu chuo na anayemfundisha mwanawe hisabati.

Udhaifu mkubwa wa bodi hizi hautajwi mara nyingi, nao uko kwenye kiti cha katibu. Kwa mujibu wa sheria, katibu wa bodi ni mwalimu mkuu. Yeye ndiye anayeandaa ajenda, anayeandika kumbukumbu, anayezitunza risiti na anayejua waraka gani umetoka wizarani. Wajumbe wanakuja asubuhi, wanapewa makaratasi mezani, wanakunywa chai, wanaombwa wapitishe. Mwalimu mkuu mwaminifu hupata mzigo asioutaka, kwa sababu kila uamuzi unakuwa wake. Asiye mwaminifu hupata muhuri. Katika hali zote mbili bodi ipo kwa jina. Dawa yake haihitaji sheria mpya: makaratasi yatumwe siku kadhaa kabla ya kikao, na angalau mjumbe mmoja aweze kuoanisha leja na taarifa ya benki bila kuona haya kuuliza.

Kwa hiyo nani anafaa? Wazazi hupenda kumchagua mtu mkubwa, wakili wa Nairobi au mfanyabiashara mwenye gari, kwa matumaini kwamba atawafungulia milango. Wakati mwingine hufungua. Mara nyingi zaidi hutuma udhuru, na akidi inakosekana. Kazi ya bodi inamhitaji mtu anayepita shuleni akienda sokoni na kuona kwamba choo cha wasichana kimejaa. Wajumbe hawalipwi mshahara, wengi hupata nauli na chakula cha mchana tu, kwa hiyo umbali una maana zaidi kuliko cheo. Fundi mjenzi mmoja mwaminifu anaweza kuiokolea shule fedha nyingi kwa kuchungulia mchanganyiko wa saruji kabla ya zege kumwagwa.

Ardhi ni jambo jingine linalolala hadi liamke kwa kishindo. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi na polisi walipojitokeza kupinga ukuta uliokuwa umejengwa kuzunguka uwanja wao wa michezo. Picha zile zilienea duniani, na serikali ikaahidi kuharakisha hati miliki za shule za umma. Shule za vijijini ziko hatarini kwa namna ya kimyakimya zaidi. Babu alitoa shamba kwa neno la mdomo miaka ya 1970, wajukuu wamezaliwa, bei ya ardhi imepanda, na hakuna karatasi. Bodi ambayo haijamwita mpima ardhi mashahidi wakiwa hai inajiwekea kesi ya baadaye.

Tanzania imeifuata njia tofauti kidogo. Huko shule za msingi zina kamati ya shule na sekondari zina bodi, na mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati vilevile. Tangu Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ada na michango ya lazima iliondolewa, na ruzuku ya mwanafunzi wa msingi imewekwa shilingi 10,000 za Tanzania kwa mwaka, ambapo 6,000 hufika shuleni. Mfano mzuri kuliko wote wa uongozi wa wanakijiji huko ni vituo shikizi, madarasa machache yanayojengwa mbali na shule mama ili watoto wadogo wasivuke mito na mapori. Mara nyingi wanakijiji huanza wenyewe kwa miti na nyasi. Mwaka 2021, kupitia fedha za mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilipanga kujenga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya vituo shikizi. Ujenzi ulifanywa kwa kutumia mafundi wa kawaida, huku kamati za wenyeji zikihusika katika ununuzi na upokeaji wa vifaa. Mkulima aliyehesabu mifuko ya saruji ikishushwa usiku alikuwa anafanya ukaguzi wa fedha za umma, hata kama hakuuita hivyo.

Tukirudi Kenya, sheria imeweka mlango mwingine ambao wazazi huupita bila kuuona. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi. Kila darasa lina mwakilishi wake kwenye kamati tendaji, na mwenyekiti wa chama pamoja na wenzake wawili huingizwa kwenye bodi. Muda wa mjumbe wa bodi ni miaka mitatu. Mkutano mkuu wa wazazi hufanyika kila mwaka, na mara nyingi huhudhuriwa na akina mama wachache, wazee wawili na walimu, kisha majina husomwa na watu hupiga makofi.

Muhula huu tangazo la mkutano litakapobandikwa langoni, nenda. Uliza nani anagombea, anaishi umbali gani na shule, na kama yuko tayari kusoma hesabu mbele ya wazazi kila muhula. Na ukiona hakuna anayetaka kazi hiyo, inua mkono wewe.