Uingereza: Gari la moshi lililopita kilomita 160 kwa saa, na watu wanaolifuata kwa saa mkononi

Usiku wa tarehe 12 mwezi wa nne mwaka wa 2017, kaskazini mwa Uingereza, kati ya miji ya Doncaster na Newcastle, kichwa cha treni kinachochemsha maji kwa makaa ya mawe kilifikia mwendo wa maili 101 kwa saa, ni kusema kilomita 162 na nusu. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita bila treni ya mvuke kuvuka maili 100 kwa saa katika inchi hiyo. Jina lake ni Tornado, namba yake 60163.

Anayeona picha yake, rangi ya kijani, moshi ukilala juu ya mabehewa, anaweza kufikiri ni mzee aliyetolewa kwenye makumbusho. Sivyo. Tornado ilimalizika kutengenezwa mwaka wa 2008. Ni kijana kuliko gari nyingi tunazopanda kila siku mjini Goma na Bukavu.

Kuelewa ilitoka wapi, turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1948 na 1949 Waingereza walitengeneza vichwa 49 vya aina inayoitwa A1, vilivyochorwa na mhandisi Arthur Peppercorn, kwa ajili ya treni nzito za mwendo wa haraka kwenye njia ya mashariki, ile inayotoka London kwenda York, Newcastle na hadi Edinburgh. Kisha mashini za mazuti zikaingia. Kufika mwaka wa 1966, vyote 49 vilikuwa vimekatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Miaka miwili baadaye, tarehe 11 mwezi wa nane 1968, shirika la reli la serikali lilipanga treni yake ya mwisho ya mvuke, na baada ya hapo likakataza mvuke kwenye njia kuu. Katazo hilo lilianza kulegezwa mwaka wa 1971.

Vichwa vingi vya aina nyingine vilipona kwa bahati. Katika mji wa Barry, kule Wales, mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu alichelewa kuvikata, na wapenzi wa treni wakanunua kutoka kwake 213, kimoja kimoja, wakavitengeneza upya. Lakini kati ya hivyo hakukuwa hata A1 moja.

Hapa kwetu jina lenyewe lingali linakumbusha nyakati hizo. Reli ilifika Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, mwaka wa 1915, na kwa miaka mingi ni mvuke uliovuta mabehewa ya huko. Mpaka leo kuna wazee wanaosema "gari la moshi" hata kama inayopita ni ya mazuti.

Mwaka wa 1990 kundi la Waingereza likaamua jambo ambalo wengi waliliona kama wazimu: kutengeneza A1 ya 50, kutoka sifuri. Hawakuwa serikali wala kampuni kubwa. Njia yao ya kupata pesa ilikuwa rahisi: kila mtu atoe pauni moja na robo kwa juma, bei ya glasi moja ya bia wakati huo. Kwetu tunajua likelemba, ambamo kila mmoja ana zamu yake ya kuchukua. Kwao hakukuwa na zamu. Mtu alitoa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, na alichopata ni kujua kwamba fremu ya chuma imekatwa, kwamba magurudumu yamefika. Boila, pipa kubwa la chuma linalochemsha maji, ilibidi liagizwe Ujerumani, kwenye karakana ya Meiningen, kwa sababu Uingereza yenyewe, inchi iliyozaa reli, haikuwa tena na kiwanda cha kulitengeneza. Kazi ilichukua miaka 18 na karibu pauni milioni 3. Mwezi wa kwanza 2009 ilivuta abiria kwenye njia kuu kwa mara ya kwanza, kutoka York hadi Newcastle. Majuma machache baadaye Charles, ambaye leo ni mfalme, aliibatiza jina kwenye kituo cha York.

Basi wale wanaosimama pembeni ya reli kungojea ipite, wengi wao si watazamaji tu. Kuna mzee aliyelipia kipande cha mashini ile na anakuja kuona pesa zake zikikimbia.

Kwa nini kukimbia? Wapo wanaofikiri ni majivuno, na siwezi kusema majivuno hayamo kabisa. Lakini sababu ya kweli ni nafasi. Njia ya mashariki ina treni za umeme zinazotembea kilomita 200 kwa saa. Treni ya mvuke, kwa sheria ya kawaida, mwisho wake ni 120. Mchana, katikati ya treni zile, ni kama baiskeli iliyoingia barabara kubwa: wote wa nyuma wanazuiwa. Wenye kupanga ratiba hawana moyo wa kuipa nafasi. Waliotengeneza Tornado waliomba ruhusa ya kuvuta abiria kwa kilomita 144 kwa saa, na kanuni inataka mashini ijaribiwe kwanza kwa mwendo unaozidi ule kwa moja ya kumi. Ndiyo maana ya usiku ule wa 2017.

Tufikirie kidogo nini kinatendeka ndani ya chuma hicho. Magurudumu makubwa yana kipenyo cha mita 2 na sentimeta 3, yanampita mtu mrefu. Kwa mwendo wa kilomita 162, kila gurudumu linazunguka mara saba kwa sekunde moja. Ziko silinda tatu, mbili pembeni na moja katikati, na kila moja inapumua mara mbili kwa mzunguko. Hesabu: pumzi 42 kwa sekunde. Ule mdundo wa chu-chu-chu tunaowaimbia watoto unapotea, unakuwa mngurumo mmoja mrefu. Wakati huo huo kuna mtu mwenye chepe anayetupa makaa ndani ya tanuru, amesimama kwenye sakafu inayoruka. Kompyuta haimsaidii. Anasoma rangi ya moto kwa macho, na kipimo cha maji pembeni, kwa sababu maji yakishuka chini ya paa la tanuru, boila linaweza kupasuka.

Na maji yenyewe ni shida nyingine. Behewa dogo la nyuma linabeba lita karibu 28,000. Zamani treni zilichota maji zikikimbia, kwa kijiko kirefu kilichoteremshwa kwenye mifereji katikati ya reli. Mifereji hiyo imeondolewa yote. Leo treni ya mvuke inasimama, na lori la maji linakuja kuinywesha.

Sasa tuje kwa watu wa saa. Kando ya reli za Uingereza kuna nguzo kila robo ya maili, ni kusema kila mita 402. Mpenzi wa treni aliyekaa dirishani na saa ya kuhesabia sekunde anabonyeza nguzo ikipita, anabonyeza tena nguzo ya pili ikipita. Akipata sekunde 15, ni maili 60 kwa saa. Akipata 9, ni maili 100 kamili. Tangu mwaka wa 1901 gazeti la wapenzi wa reli, The Railway Magazine, lina ukurasa wa hesabu hizo: mahali gani, mlima gani, mabehewa mangapi, sekunde ngapi. Leo wengi wanatumia GPS ya simu, lakini wazee bado wanaamini nguzo.

Si mchezo wa bure. Tarehe 9 mwezi wa tano 1904, mwandishi mmoja, Charles Rous-Marten, alikuwa ndani ya treni ya posta iliyovutwa na kichwa kiitwacho City of Truro. Kwenye mteremko wa Wellington alihesabu sekunde 8.8 kati ya nguzo mbili. Hiyo ni maili 102 kwa saa. Kampuni haikutaka hesabu hiyo itangazwe, ikiogopa kutia abiria woga, na ilipojulikana miaka kadhaa baadaye watu walianza kuibishia. Wanaibishia mpaka leo. Shahidi alikuwa mmoja, na kidole chake kingeweza kukosea sehemu ndogo ya sekunde. Ndiyo maana mwaka wa 1934, Flying Scotsman ilipofikia maili 100, kulikuwa na behewa maalum la vipimo nyuma yake. Na tarehe 3 mwezi wa saba 1938, Mallard ilipofikia kilomita 203 kwa saa kwenye mteremko wa Stoke, rekodi ya mvuke ambayo haijavunjwa duniani kote, karatasi ya behewa hilo ndiyo iliyoandika. Mwendo usiohesabiwa na mtu ni hadithi tu.

Mapenzi haya yana upande mwingine. Tarehe 25 mwezi wa pili 2016, Flying Scotsman ilirudi njiani baada ya matengenezo ya miaka kumi, kutoka London kwenda York. Watu maelfu walijipanga njia nzima: juu ya madaraja, mashambani, kwenye vituo. Wengine hawakuridhika na daraja. Waliruka uzio, wakaingia kwenye reli zenyewe kutafuta picha nzuri. Treni ikalazimika kusimama, na treni nyingine za abiria nyuma yake zikachelewa. Kwenye njia ile treni ya umeme ya kilomita 200 kwa saa inapita mita 55 kila sekunde, na haina makelele ya kumwonya mtu aliyempa mgongo. Aliyeinama juu ya kamera yake akisikiliza filimbi ya mvuke kutoka kusini anaweza kuuawa na ile inayotoka kaskazini. Kwa maoni yangu huyo si mpenzi wa treni. Anaweza kuipotezea ruhusa iliyogharimu wenzake miaka 18 ya glasi za bia.

Siku yenyewe ya Tornado kuvuta abiria kwa kilomita 144 ilifika tarehe 14 mwezi wa nne 2018. Safari ilikuwa London hadi York, kilomita karibu 300. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, watu wamejipanga tena kwenye madaraja. Treni ilikwenda karibu kilomita 70. Kufika Sandy, katika jimbo la Bedfordshire, kitu kilivunjika ndani ya mashini, na safari ikaishia hapo. Waliokuwa wakingojea Peterborough, Grantham na mbele zaidi hawakuona moshi siku hiyo.

Mafundi walikuta kwamba valvu ya silinda ya katikati, ile isiyoonekana kutoka nje, ilikosa mafuta ya kulainisha, ikakwama, ikaharibu vyuma vinavyoiendesha. Wenye kujua historia walitikisa kichwa. Mallard pia, ile siku ya rekodi yake, ilirudi na beringi ya katikati imeyeyuka kwa joto, ikashindwa kufikisha treni yake London. Sehemu ngumu kufikiwa na mkono wa fundi ndiyo inayolipiza kisasi.

Tornado ilitengenezwa, ikarudi njiani. Iliwahi hata kuwaaibisha wadogo zake: tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2009, theluji ilipozuia treni za umeme kusini mwa London, yenyewe ilikuwa ikipita na safari ya sikukuu, ikawabeba bure watu karibu mia moja waliokwama, ikawafikisha kwao.

Adui wa sasa hana theluji wala kutu. Kwenye sehemu ya kusini ya njia ya mashariki, taa za kuongoza treni zinaondolewa pembeni ya reli. Dereva hatatazama tena nje kuona kijani au nyekundu; amri itaingia kwa redio kwenye kioo kilicho mbele yake. Kichwa kisicho na chombo hicho hakitaruhusiwa kupita, hata kiwe na mwendo gani. Kwa hiyo mafundi wamelazimika kutafuta pa kufunga kompyuta ndani ya kibanda chenye vumbi la makaa, joto la tanuru na mtikisiko usiokwisha, na mahali pa kupata umeme wa kuilisha kwenye mashini iliyochorwa wakati taa ya mafuta ilikuwa inatosha.

Huko Darlington, mji ule ule ambamo Tornado iliunganishwa, chama hicho hicho kinatengeneza kichwa kingine, namba 2007, jina lake Prince of Wales, cha aina ya P2 ambayo vichwa vyake vyote sita vya zamani vimetoweka. Magurudumu yake yamekwisha kusimama kwenye reli. Michango inaendelea kuingia kila mwezi.