Saloni safi bila kugusa franga ya shule

Mtu anatoka machimboni Kailo ao Kalima, anarudi Kindu na franga kidogo. Siku ya kwanza kila mtu nyumbani ana shida yake: karo ya shule, dawa, deni la dukani. Mama anatazama ukuta wa saloni, mweusi kwa moshi, umepasuka kila upande, lakini ananyamaza. Anajua rangi ya dukani ni bei kali. Vitu vingi vinatufikia kwa ndege, kwa treni ao kwa boti, na kila kilo inalipiwa njiani. Njo maana ndobo moja ya rangi inashindana na karo ya mtoto.

Leo tunasema na huyo mama, na huyo baba pia. Ukuta wa udongo ao wa matofali unaweza kupendeza kwa kazi ya siku tatu, hata kama hujawahi kushika burashi. Rangi yenyewe iko chini ya miguu yetu.

Si jambo geni kwetu. Walega wa Pangi walipaka vinyago vya Bwami udongo mweupe tangu zamani. Huko kaskazini, kwa Wamangbetu, nyumba zilichorwa kwa udongo wa rangi mbalimbali, na wageni waliopita walizipiga picha. Babu zetu hawakungoja duka lifunguliwe.

Kutafuta udongo

Kuna udongo mweupe, ule ambao wanawake wenye mimba wanapenda kutafuna, unauzwa sokoni. Kuna mwekundu na wa njano, unaoonekana watu wakichimba kisima ao choo. Makaa yaliyotwangwa yanatoa rangi nyeusi. Kausha udongo, utwange, kisha uchekeche kwa kitambaa chepesi, ubaki laini kama unga.

Lakini sikiliza vizuri: hapana kuchukua udongo wa machimbo, hata kama ni mzuri namna gani. Mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu unaweza kuwa na zebaki. Mawe mengine yana risasi ndani. Mwaka wa 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu nyumbani kwao, vumbi la risasi likaenea vyumbani na uani, na watoto mamia walikufa. Udongo wa ukuta utoke mbali na machimbo na mbali na mahali pa kuoshea mawe.

Siku ya kwanza: kuziba

Pangusa moshi na buibui kwa kitambaa chenye maji. Ukifagia ukuta mkavu, vumbi lote litaingia kifuani. Changanya udongo wa mfinyanzi na mchanga, ongeza majani makavu ya mpunga yaliyokatwa vipande vidogo. Maniema hatukosi mpunga. Lowesha ufa kwa maji kwanza, kisha sukuma udongo ndani kwa kidole ao kwa ubao. Ukikauka na kupasuka tena, mchanga ulikuwa mdogo. Ukimomonyoka, mchanga ulizidi. Acha ukauke kabisa, hata kama itachukua siku zaidi.

Siku ya pili: kupika gundi na kupaka

Udongo peke yake utashika nguo za watoto. Unahitaji gundi, na gundi ni muhogo.

Koroga glasi moja ya unga wa muhogo ndani ya glasi mbili za maji baridi. Mimina glasi moja na nusu ya maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka uwe kama uji unaong'aa. Kama haung'ai, urudishe motoni kidogo. Ongeza glasi mbili za maji baridi. Kisha tia udongo uliochekechwa, kidogo kidogo, mpaka uwe mzito kama maziwa ya kuganda. Jaribu kwanza pembeni, mahali mlango unapoficha. Rangi ikikauka inapauka, usishtuke.

Lowesha ukuta kidogo, paka kwa burashi ao kwa kitambaa, kuanzia juu kushuka. Gundi hiyo haikai siku nyingi bila kuoza, basi pika ya leo tu.

Siku ya tatu: mkono wa pili

Paka tena, nyembamba. Ikikauka, pitisha kiganja. Kiganja kikitoka na vumbi jingi, unga ulikuwa mdogo. Ongeza gundi katika mkono wa mwisho. Wengi wanapenda nyeupe juu, inayoongeza mwanga chumbani, na nyekundu chini mpaka magotini, inayoficha uchafu wa watoto. Mstari wa katikati unyooshe kwa kamba.

Kazi hii ni ya ndani, mahali pakavu. Bati likivuja, ziba bati kwanza, sababu muhogo ukilowa unaota ukungu na unaita mende. Wakati mzuri ni kiangazi, tangu mwezi wa sita mpaka wa nane.

Kwa ukuta wa nje, chokaa inavumilia zaidi. Nunua ile iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Chokaa mbichi inachemka ikiguswa na maji, inaweza kuchoma macho. Watoto wakae mbali.

Kama unapanga

Ongea na mwenye nyumba kabla ya kupaka. Mwambie utafanya nini, na mwandikiane kama kodi itabaki ileile kwa muda fulani. Kuna watu walitengeneza nyumba ya mwenzao vizuri, kisha wakapandishiwa kodi. Kama hakubali, fanya vile unavyoweza kubeba siku ya kuhama: rido ya mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, mkeka ukutani, kabati dogo la mianzi.

Machimbo yabaki nje

Neno la mwisho ni kwa baba. Ukichoma dhahabu na zebaki ndani ya nyumba, moshi wake unashika ukuta, bati, nguo na blanketi. Unaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni anaumia kuliko wote. Kupaka udongo ao chokaa juu yake si kusafisha. Ukuta wa namna hiyo usiukwangue. Uliza kwanza watu wa afya. Na magunia ya kolta ao kasiterite yasikae chini ya kitanda, sababu mawe hayo yanaweza kubeba uranium na thorium. Nguo za kazi na viatu viishie uani. Kopo lililobeba zebaki lisigeuzwe chungu cha maua wala chombo cha rangi.

Basi safari hii, ukirudi kutoka machimboni, acha vumbi mlangoni, nunua udongo mweupe sokoni, na uombe glasi moja ya unga jikoni. Karo ya mtoto ilipwe kwanza. Ukuta utapata zamu yake Jumamosi.